Dada Huja Kitandani

Harrow Hill, Rhode Island
9 Januari 1854

Mama mdogo Jerusha,

Salamu zangu zitakufikia zimeganda, maana huku hata wino naupasha moto jikoni ndipo niandike. Baba hajambo, naye anakusalimu kwa namna yake, yaani aliguna nilipotaja jina lako. Kaka Asahel ana mafua yasiyokwisha, lakini maharage ya Jumamosi anayala kama kawaida na ng'ombe bado anagombana nao. Mimi nipo.

Dada Lovina bado hajazikwa. Ardhi ilikuwa imekwisha kuwa chuma alipofariki, ukiipiga sururu inarudi juu. Wamemlaza kwenye kile kibanda cha mawe nyuma ya kanisa, pamoja na mzee Sweet na mtoto wa akina Barber, wote wangoje barafu iyeyuke. Baba ndiye shemasi, kwa hiyo ufunguo wa kibanda unakaa kwetu, kwenye msumari kando ya taa. Nauona kila nikiosha vyombo, na kila nikiuona nasahau nilichokuwa nafanya.

Unakumbuka tulivyolala kitanda kimoja tangu utotoni. Baridi kama hizi alikuwa ananibandika miguu yake ya barafu mgongoni, mimi namtukana, yeye anacheka. Sasa kitanda chote ni changu na usingizi siupati. Nimeandika ubeti huu, na nyingine tatu ziko nyuma ya karatasi:

Dada huja kitandani,
Na baridi mikononi,
Joto langu la mwilini
Hulichukua akenda.

Baba hajui. Angesema nafanya mchezo na msiba. Wewe ni mtu pekee aliyewahi kuniambia kwamba ninayoandika si upuuzi, kwa hiyo lisome shairi hili. Likiwa bovu lichome. Likiwa zuri, basi unamjua yule mhariri wa gazeti ambaye mkewe huvaa kofia unazoshona. Tangu nikiwa msichana natamani kuliona jina langu limepigwa chapa, na nikikana nitakuwa mwongo.

Mwanao,
Thirza


Providence
23 Januari 1854

Thirza mwanangu,

Pole tena kwa Lovina. Kila nikiikunjua barua yako namwona na lile koti lake la kijani, na inanibidi nikae chini. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika. Dukani kazi tele, wanawake wa mji huu wanataka manyoya mengi kichwani kuliko yaliyo kwenye kuku wa baba yako.

Shairi nililisoma nikalia hadi nikaharibu utepe wa mteja. Nikavaa koti, nikaenda kwa mhariri bila kungoja hata chai. Alisoma, halafu akauliza, "Huyu ni mtu wa wapi?"

"Ni mtoto wa marehemu dada yangu," nikamwambia, "na hivi sasa labda anakamua ng'ombe."

Amelitoa Jumamosi, ukurasa wa mbele, na jina lako lote na la kijiji. Kipande nimekutilia humu ndani. Sasa wewe ni mshairi, upende usipende, na baba yako akiguna mwambie watu wa Providence wamelia.

Huyo Asahel mfunge flana kifuani. Mafua gani ya tangu Desemba?

Wako,
Mama mdogo Jerusha


Harrow Hill
6 Februari 1854

Mama mdogo,

Habari za hapa: kuku wawili wamekufa kwa baridi, na paa la ghala limelemewa na theluji. Baba mzima. Barua yako ilichelewa kwa sababu gari la posta lilikwama, lakini gazeti lenyewe lilipita kwa njia nyingine likatangulia, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Bi. Huldah Crandall, jirani yetu wa chini ya kilima, alilisoma kwa sauti mbele ya wanawake waliokusanyika kwake kushona blanketi la viraka. Nilikuwepo, sindano mkononi. Alipofika mwisho nilingoja aseme ni zuri, sikufichi. Akaliweka gazeti magotini.

"Tangu lini anakuja?"

"Nani?"

"Lovina. Umeandika mwenyewe kwamba anakuja na anachukua joto la mtu. Anakuja kwako tu, au na kwa Asahel?"

Nikamwambia hilo ni shairi.

"Najua ni shairi, mwanangu, sijawa kipofu. Nakuuliza tangu lini."

Wale wengine wote waliacha kushona. Unawajua watu wetu. Majumbani mwao kuna Biblia na kalenda ya wakulima, basi. Kwetu mtu husimama kanisani akasema "nimeona," na wenzake humpima roho yake kwa neno hilo. Mimi nimelelewa humo, na sijawahi kusema uongo mbele yao hata kwa utani. Sasa nimeandika "dada huja" na jina langu liko chini yake. Kwao huo ni ushahidi nimeutoa.

Asahel alitema damu Jumapili. Aliificha kwenye kitambaa lakini mimi ndiye mfuaji. Habari zimetoka, sijui nani kazitoa, na wanasema mtu aliyekufa kwa kifua kikuu, kama Lovina, akibaki na damu mbichi moyoni huwanyonya ndugu zake mmoja baada ya mwingine. Dawa yao unaijua au huijui: wamfungue, wautoe moyo, wauchome juu ya jiwe. Wanaume watatu wamemjia Baba kuomba ufunguo. Amewafukuza. Lakini hakuwafukuza kwa sauti ya mtu aliyekasirika, na hilo ndilo linalonitisha.

Naogopa, mama mdogo. Lovina hana hata mlango wa udongo wa kumkinga, ana kufuli moja tu. Naomba ardhi ilainike ili tumzike, maana nadhani kaburi lililoombewa hawatathubutu kulifukua.

Bi. Huldah anasema jambo hili liliwahi kufanyika hapa hapa ulipokuwa mtoto, nyumbani kwa babu. Ni kweli? Niambie ilikuwaje, nijue napigana na nini. Na uje. Baba anakuogopa wewe kuliko mchungaji.

Thirza


Providence
20 Februari 1854

Mwanangu,

Theluji imefunga barabara kuu, kwa hiyo hujui na mimi sijui barua hii itakufikia lini. Hapa wote wazima. Paka wa dukani amezaa kwenye sanduku la kofia za majonzi, na mteja mmoja amesema ni dalili njema.

Huldah Crandall alikuwa mjinga tulipokaa benchi moja shuleni, na naona hajapona. Usimwogope. Fanya hivi: Jumapili simama kanisani, sema wazi kwamba ulitunga. Sema, "Sikumwona dada yangu, niliyabuni yote kwa huzuni." Wape neno fupi, kisha kaa. Watu wa Harrow Hill wanaamini kinachosemwa kwa miguu miwili.

Nimekutilia dawa ya kifua ya Asahel kwenye chupa ya buluu. Ningekuja mwenyewe, ila kuna harusi ya binti wa tajiri mmoja na nimepewa kofia za ukoo mzima. Barabara zikifunguka tutaona.

Mwandiko wako unapanda na kushuka. Huwa huandiki hivyo. Wewe unakohoa? Hilo nijibu.

Mama mdogo


Harrow Hill
3 Machi 1854

Mama mdogo,

Nafurahi kwamba kofia zinakwenda vizuri. Dawa imefika, Asahel anasema ina ladha ya sabuni, lakini anainywa. Amekonda hadi pete ya marehemu Mama imemtoka kidoleni. Baba halali.

Nilisimama kanisani kama ulivyosema. Nilisema kwa miguu miwili.

"Kwa hiyo dada yako haji?" mchungaji akauliza.

"Haji."

"Na pale kitandani hukumhisi kamwe?"

Hapo, mama mdogo, nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu ni kweli nilimhisi, namhisi kila siku, kama ulimi unavyotafuta jino lililong'olewa. Nilitaka kusema hapana na neno halikutoka. Kanisa zima lilikuwa linanitazama mdomo.

"Uliandika uongo, basi?" akasema.

"Niliandika ninavyomkosa."

Bi. Huldah akainuka pale alipokuwa. Hakuwa na ubaya usoni, ndiyo shida yake, yule mama ananipenda. "Mtazameni," akasema. "Mtoto huyu hajui kudanganya. Ameambiwa na mtu aseme hapana, na hata sasa inamshinda."

Watu wakaitikia kwa kichwa. Sijawahi kuchukia kuaminiwa kama siku ile.

Tukirudi nyumbani kwenye gari la theluji Baba aliendesha akitazama mbele hadi tulipopita kinu. Kisha akauliza, bila kunigeukia, kama kile kitanda changu kina baridi isiyo ya kawaida.

"Baba, kila kitanda cha Harrow Hill kina baridi."

"Asahel ndiye mwanangu wa kiume pekee."

"Na Lovina alikuwa nani wako?"

Akampiga farasi, yeye ambaye kila siku humwimbia farasi huyo. Wale wanaume wamerudi tena, safari hii aliwakaribisha waketi, akaniambia niwaletee sharubati ya tufaha. Niliwaletea, na mmoja wao akaniambia, "Usihofu, dada, ni kwa ajili yenu nyote." Hilo "nyote" sikulipenda.

Kila asubuhi naenda nyuma ya kanisa na fimbo ya chuma ya jikoni, nadunga ardhi. Leo imeingia kidogo, halafu ikagonga. Nilipiga magoti palepale nikaomba mvua, mimi ambaye nimekuwa mvivu wa kuomba.

Nilikuuliza kuhusu nyumbani kwa babu. Hukunijibu.

Thirza


Providence
15 Machi 1854

Thirza,

Barua yako ya tarehe tatu imefika leo. Habari za huku hazina maana.

Chukua ule ufunguo uutupe kisimani. Leo, usingoje kesho. Nimemwandikia shemeji barua kali, lakini namjua, ataiweka chini ya Biblia bila kuifungua. Nenda kwa daktari, mlete asimame mlangoni. Lia, piga kelele, zimia kama lazima, wanaume wale hawajui la kufanya na mwanamke aliyezimia.

Na wakikuletea kikombe, usinywe. Hata baba yako akikulilia. Umenisikia? Usinywe.

Harusi bado haijaisha. Nitakuja, nitakuja, ngoja kidogo tu.

Jerusha


Harrow Hill
27 Machi 1854

Mama mdogo,

Sina habari za kuku. Nitakueleza kama ilivyokuwa, na ukishindwa kusoma usisome.

Barua yako ilifika siku moja baada ya jambo lenyewe. Ningeupata ule ufunguo ningeutupa, lakini Baba alikuwa amekwisha kuuvaa shingoni. Asubuhi hiyo alikula bila kuomba baraka ya chakula, akavaa koti la kanisani, akaniambia nibaki na Asahel. Nilikimbilia mlangoni nikaushika kwa mikono miwili. Nilimwambia, "Baba, ni Lovina." Alinibandua vidole kimoja kimoja, taratibu, huku machozi yanamtoka, akaenda.

Daktari alikuwepo. Aliwaambia mtu aliyekaa kwenye barafu tangu Desemba lazima atakuwa na damu, hiyo haimaanishi lolote. Nasikia walivua kofia wakamsikiliza kwa heshima, kisha wakaendelea. Damu waliikuta. Mimi niliona moshi tu, kupitia dirisha la Asahel, na nilisimama mbele ya dirisha ili yeye asiuone. Akaniambia, "Ondoka, Thirza, najua ni nini."

Baba alirudi na kikombe cha bati. Majivu yale walikuwa wameyakoroga kwenye maji na asali. Asahel alikipokea kwa mikono miwili. Akasema, "Nisamehe, Lovina," akanywa. Kisha Baba akanigeukia mimi. Kulikuwa kumebaki.

Uliniuliza kama nakohoa. Nakohoa tangu Januari. Nilikuwa naenda kukohoa zizini, nimejiziba na aproni, ili wasijue, na wewe usijue, na mimi mwenyewe nisijue. Baba akasema, "Nakusikia kule kwa ng'ombe. Kila siku nakusikia."

Nilikunywa. Hakuna aliyenishika mikono. Ningependa kukuandikia kwamba walinilazimisha, lakini hapana, niliogopa kufa, na saa ile ningekunywa chochote ambacho kingetiwa ndani ya kikombe. Nilimpigania miezi yote hii, halafu nikamnywa.

Asahel alifariki Alhamisi. Ardhi sasa imelainika, sururu inazama yenyewe, na tumewazika wote wawili siku moja. Baada ya mazishi Bi. Huldah alinikumbatia akaniuliza, kwa upole kabisa, kama siku hizi naandika chochote. Nilimwambia siandiki. Aliuliza kama Asahel amekwisha kuja.

Baba hanitazami tena usoni, ananisikiliza kifua. Wale wanaume wanapita barabarani wanapunguza mwendo mbele ya nyumba yetu. Sijui kama wanaogopa nitakufa, au wanaogopa nitakapokuwa nimekufa. Mimi naogopa yote mawili.

Jambo moja. Sikuwahi kukuandikia habari za kikombe. Hata mimi sikuzijua hadi nilipokiona. Wewe ulijuaje?

Njoo unichukue. Kofia ziache.

Thirza


Providence
2 Aprili 1854

Thirza mwanangu,

Hakuna harusi. Haikuwepo. Tangu Februari nimeshona kofia moja hiyo hiyo, naifumua na kuishona upya, ili nikikuandikia kwamba nina kazi isiwe uongo mtupu.

Yule waliyemfungua nyumbani kwa babu yako alikuwa kaka yangu, Eliphalet. Mimi nilikuwa bado nasuka nywele mbili, na mama yako, mkubwa wangu, walimfungia chumbani asione. Mimi niliona, kwa sababu nilikuwa nakohoa na walitaka niwe karibu. Babu yako alinishikia kikombe. Nilikunywa chote, na yapata mwezi mmoja baadaye nikaacha kukohoa.

Sasa unajua kwa nini Huldah ana uhakika. Ushahidi wao wa kwanza ulikuwa mimi. Kila nilipopita kijijini walikuwa wanasema, mwone Jerusha alivyonawiri. Nilipoweza kuondoka niliondoka, na sijarudi hata mama yako alipofariki, ukanisamehe ukidhani ni barabara iliyonizuia. Ulipouliza sikukujibu kwa sababu baada ya hapo ungeuliza kama ilisaidia, na mimi sijui. Labda ningepona tu. Labda nilikuwa na mafua. Umri wangu wote nimeishi bila kujua kama uhai huu ni wangu au nimeuchukua kwa kaka yangu. Hilo sikutaka likukute, na limekukuta.

Usijione mwovu kwa kunywa. Ulikuwa na hofu na baba yako alikuwa na hofu, na hicho ndicho kilichokuwa kikombeni, pamoja na asali.

Nimekodi gari. Tunaondoka kukipambazuka, mimi na mwenye farasi ambaye nimemwambia namfuata binti yangu mgonjwa. Chumba cha juu ya duka kina jua, nimetandika. Baba yako akibisha nitamjibu mimi. Meza nimeiweka dirishani, na hapa utaandika unalotaka, hakuna atakayekuuliza nani kaja.

Barua hii huenda ikafika nyuma yangu, lakini naiandika kwa sababu kuna jambo sitaweza kulisema mlangoni. Nakiogopa kijiji hicho, nakiogopa kile kibanda, na nakuogopa wewe, mwanangu, nakiogopa kifua chako. Ukiniona nimeshuka garini nimesimama tu, mikono chini, usidhani nimebadili nia. Nitakuwa nimeogopa. Nipe muda kidogo, kisha nitakuja nikukumbatie.

Jerusha